Stata ya Gari la Uokoaji

Vijana wangu wa kikundi cha uokoaji,

Picha ya gari jipya imenifikia. Niliifungua asubuhi nikiwa nakunywa chai, nikaikuza kwa vidole viwili kama mnavyofanya ninyi, nikaitazama mpaka chai ikapoa. Ni gari zuri. Nimehesabu taa kumi na nne upande wa mbele peke yake. Mtu akipotea huko Burundi ataliona, atakuja mwenyewe.

Mmeniuliza swali moja: "Fundi Nestori, kuna kitu tumesahau?" Kipo. Nimekiona pale pale kwenye picha, na si taa. Lakini nikikitaja sasa hivi mtakirekebisha kwa dakika mbili, mtanishukuru, na wiki ijayo mtakirudia. Kwa hiyo itabidi mvumilie kwanza maneno ya mzee. Nimelala chini ya magari saa nyingi kuliko nilizokaa kanisani, na mke wangu ana kumbukumbu kamili ya jambo hilo.

Gari letu la kwanza tulirithi. Shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi lilifunga kazi, likaondoka na viti, makabati, hata mapazia ya ofisi. Gari wakaliacha. Mtu anayebeba pazia akaacha gari amekwishakueleza hali ya gari, ila sisi tulikuwa tumekwishaandaa hotuba ya shukrani. Kikundi kilikuwa kichanga wakati huo: wakulima wa Ngara na wa Biharamulo, Wakatoliki na Waislamu, tulioamua kwamba mtu akipotea porini au akisombwa na mto tusikae tukingoja watu wa mbali. Tulipiga makofi, kisha tukalivuta gari kwa kamba hadi gereji yangu pale Kasulo.

Aliyekuwa na neno la mwisho juu ya gari lile hakuwa mimi. Alikuwa Mzee Shabani, Msubi wa Biharamulo, fundi aliyenipokea nikiwa sijui kutofautisha spana na koleo. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, tairi la lori lilipasuka akiwa amelishika. Kwa lile la kulia alisikiliza injini kupitia bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho ameyafumba. Hakuwa mtu wa maneno. Alilizunguka gari mara moja, akasikiliza, akasema, "Linaishi. Ila limedanganywa sana."

Ninyi mnadhani gari la uokoaji ni gari lenye nguvu. Hata mimi nilidhani hivyo. Siku ya kwanza ya kazi Mzee Shabani aliniambia, "Nestori, gari la kutafuta mtu kazi yake ya kwanza ni kunyamaza." Kanuni yake ilikuwa hii: endesha dakika kumi, zima, shukeni, fungeni milango taratibu, nyamazeni dakika tatu. Halafu washa, nenda mbele. Porini, alisema, jicho linaishia kwenye mti wa pili, sikio linafika ng'ambo. Nilikubali kwa kichwa. Kukubali kwa kichwa ni kazi nyepesi, na nilikuwa hodari wa kazi hiyo.

Tulianza na mkonga, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo ili injini ivute hewa ya juu gari likiwa majini. Nilichomelea mwenyewe, nikapaka rangi nyeusi, nikarudi hatua kumi nyuma kulitazama. Nikaomba nipigwe picha nalo. Mzee Shabani akaja, akaniambia niwashe. Akaziba mdomo wa mkonga kwa kiganja. Injini ikaendelea kunguruma bila wasiwasi. Akaongeza kiganja cha pili. Ikaendelea.

"Inapumua wapi?" akaniuliza.

Ilikuwa inapumua kila mahali. Maungio ya chini nilikuwa nimeyabana kwa klipu moja na matumaini. Kipimo ndicho hicho, kishikeni: ukiziba mkonga, injini lazima ife. Isipokufa, huo si mkonga, ni pambo. Na mkishamaliza mkonga msisahau vipumulio vya difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, na vya gia boksi. Difu iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi huvuta, na isipopata hewa ya kuvuta itavuta mto. Ungeni mpira kwenye kila kipumulio, upandisheni hadi usawa wa boneti. Hili nililijua siku niliyofungua difu nikakuta oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Jambo jingine ni uzito. Kila mwanakikundi alikuwa na kitu chake ambacho aliamini ndicho kitakachookoa mtu. Mmoja alileta shoka mbili, mwingine minyororo, mwingine ngazi. Katibu alileta meza, ya kuandikia majina ya waliookolewa. Springi za nyuma zikalala chali. Mzee Shabani akaweka utaratibu wa turubai: kila tukirudi safari tunatandika turubai, tunashusha kila kitu. Kilichotumika kinarudi garini. Ambacho hakikutumika safari tatu mfululizo kinarudi kwa mwenyewe, isipokuwa sanduku la dawa na kizima moto. Meza ilirudi kwa katibu, na katibu hakuzungumza nami mpaka Pasaka. Fanyeni hivyo hivyo na lile jokofu dogo ninaloliona kwenye picha.

Winchi, ile roda ya waya ya kulivutia gari lililokwama, nayo ina heshima yake. Siku moja ya mvua tulikuwa tunakwenda kumtoa mtu aliyetumbukia korongoni na pikipiki, huku kwetu Ngara, gari likazama kwenye tope kando ya shamba la migomba. Mti wa kufungia waya haukuwepo. Sasa sikilizeni. Mimi ni mtoto wa mkulima wa migomba. Nimekula ndizi kabla sijaota meno. Najua kabisa kwamba mgomba si mti, una maji ndani na mizizi ya kuazima. Nikafunga waya kwenye mgomba. Ukang'oka, ukaja taratibu mpaka kwenye ngao ya gari. Nikachagua mwingine mnene zaidi. Nao ukaja. Baada ya wa tatu gari lilikuwa pale pale, shamba ndilo lililokuwa linasogea kwetu. Mwenye shamba akatoka, akasimama kwenye mvua, akatutazama kwa muda.

"Mngesema mnataka ndizi," akasema, "ningewakatia."

Yule mtu wa pikipiki alikwisha kupanda mwenyewe kutoka korongoni, akaja kutusaidia kusukuma. Pasipo na mti, chimbeni shimo la kufika kiunoni, zikeni tairi la akiba, fungeni waya hapo. Na juu ya waya tupieni gunia lililoloa, ili ukikatika udondoke chini badala ya kutafuta shingo ya mtu. Hayo yote Mzee Shabani alikuwa amenifundisha kabla ya migomba.

Sasa nije kwenye mlima.

Mliozaliwa Ngara mnajua. Huku mtoto akiangusha parachichi uani atalikuta kwa jirani wa tatu. Gereji yangu iko mtelemkoni, na magari yote ya mtaa ule hulala yakitazama bondeni. Asubuhi unaweka gia ya pili, unakanyaga klachi, unaachia breki, gari linatelemka lenyewe. Likishapata mwendo unaachia klachi, linashtuka, linawaka. Tunaita kushtua. Watu wa tambarare wakiona magari yetu yamepangwa hivyo wanadhani tunapenda mandhari.

Stata ya gari letu, ile mota ndogo ya kuiamsha injini, ilianza kuugua mapema. Kaboni zilikuwa zimekwisha, bushi zimelegea. Ukizungusha ufunguo ilisema "ta" mara moja, kama mtu aliyekatizwa maneno. Mwanzoni tuliigonga kwa nyundo ikazinduka. Baadaye ikaizoea nyundo. Mzee Shabani akaniambia nifunge nyingine, nami nikasema kesho. Si kwamba ilikosekana. Stata ilikuwa inapatikana, na kikundi kilikwisha kukubali. Ila kila asubuhi mlima ulikuwepo, na mlima haumalizi kaboni. Nami nilikuwa na kazi za kuonekana: taa za keria, king'ora, maandishi mekundu ya UOKOAJI ubavuni. Sijawahi kuona mtu akipiga picha na stata.

Mzee Shabani alipochoka na kazi alirudi kwao, upande wa Nyarubungo, akafuga nyuki. Siku ya kuondoka nilimshika mkono kwa mikono miwili. Nilitegemea neno la baraka, maana alikuwa amenilea. Akasema, "Stata."

"Kesho, mzee," nikajibu.

Kesho hiyo ilichukua miezi minane.

Simu ilikuja asubuhi. Alikuwa Mama Zuhura, mke wake. "Nestori, baba yako hajarudi. Alikwenda mizingani jana asubuhi, kumekucha na hayupo. Simu yake haipatikani." Aliposema baba yako, nikakaa kwenye tairi lililokuwa karibu. Kisha nikamwita Fideli, dereva wetu. Tukaliachia gari mtelemkoni, likawaka mara moja. Nakumbuka nililiona hilo kuwa dalili njema.

Pori la huko ni tambarare. Mti, nyasi, mti, nyasi, mpaka unasahau kwamba duniani kuna kitu kinaitwa juu. Tulipoiacha barabara na kuingia kwenye njia ya wafuga nyuki, Fideli alipunguza mwendo akanitazama.

"Fundi, huku tukizima ndo basi."

"Usizime," nikasema.

Nilisema mimi. Wala halikuwa neno la kufikiria, lilitoka kama mtu anavyosema karibu.

Basi hatukuzima. Tukawasha na king'ora ili mzee atusikie. Siku nzima tulizunguka njia zile, injini inanguruma, king'ora kinalia, taa zote zinawaka mchana kweupe. Kwa macho ulikuwa uokoaji mzuri sana. Wanakijiji wao walitafuta kwa miguu, upande wa pili wa pori, kwa filimbi na mapanga. Giza lilipoingia tulirudi kwa Mama Zuhura, na kwa kuwa uani kwake nako ni tambarare, gari lilikesha likiwaka. Mama Zuhura alitoka mara mbili kulitazama.

Siku ya pili alisema anakuja nasi. Akaketi katikati yetu, kanga ameifunga kiunoni, chupa ya maji mapajani. Tulikwenda kama saa nzima. Mvua kidogo ilikuwa imenyesha alfajiri, udongo mweusi unashika matairi. Ghafla akauliza, "Kwa nini hamzimi?"

"Nini, mama?" nikasema, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Dakika kumi, zima, nyamaza. Nimeolewa na maneno hayo miaka arobaini. Hata nikipika ananiambia ninyamaze asikie sufuria. Ninyi tangu jana hamjazima. Kwa nini hamzimi?"

Fideli aliitazama njia kana kwamba imeandikwa kitu. Mimi nilikuwa na uongo tayari, kuhusu injini kuhitaji joto, na ulikuwa uongo wa kitaalamu ambao mama asingeweza kuukagua. Ukafika mdomoni ukakwama. Nilimwona yule mama ameikumbatia ile chupa ya maji ambayo hakuwa ameinywa hata funda moja, kwa sababu haikuwa yake.

"Stata ni mbovu, mama. Mzee aliniambia niibadilishe, sikuibadilisha. Huku hakuna mlima. Tukizima hatutaweza kuondoka."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu.

"Kuondoka tuende wapi," akasema, "bila yeye?"

Nikamwambia Fideli azime.

Vijana, sijui kama mmewahi kusikia injini ikinyamaza baada ya siku mbili. Masikio yanaendelea kunguruma yenyewe. Tulishuka, tukafunga milango taratibu. Kwanza sikusikia kitu isipokuwa rejeta ikipoa. Halafu ndege. Halafu nyuki, mbali. Halafu kitu kikagonga bati: ko, ko, ko. Kikapumzika. Ko, ko, ko. Mama Zuhura alikuwa amekwisha kuanza kukimbia, na alikimbia kuelekea nyuma, tulikotoka.

Mzee alikuwa kama hatua mia mbili kutoka njiani. Ili kumfikia tulivuka alama za matairi yetu wenyewe. Tawi lilimvunjikia akiwa juu kwenye mzinga, akaanguka, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti, mfupa ukatoka. Asali alikuwa nayo ndoo nzima, maji hakuwa nayo. Mkononi alikuwa na spana namba kumi na saba, ambayo hakuitoa mfukoni hata alipostaafu, na kwa hiyo spana ndiyo alikuwa anagonga kifuniko cha ndoo. Kifuniko kilikuwa kimebonyea chote.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Midomo ilikuwa imepasuka, macho ameyafumba. Mama Zuhura alimwekea maji kidogo kidogo. Baada ya muda akasema, "Mmepita mara sita. Belti ya alternata imelegea. Na stata hukufunga."

Alikuwa ameyajua yote akiwa amelala pale. Mtu anayesikiliza gari siku mbili, gari ambalo halizimi hata mara moja, hahitaji kufungua boneti. "Kila mlipokaribia," akasema, "nilijisemea, sasa watazima. Nikagonga. Mkapita." Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayekusomea geji. Nililia pale pale, mtu mzima, nimeshika kifuniko cha ndoo, na sioni aibu kuwaambia.

Tulimfunga mguu kwa vijiti, tukambeba hadi garini kwenye machela yetu ya chuma, ambayo niliitengeneza vizuri sana. Fideli akazungusha ufunguo. Stata ikasema "ta." Akazungusha tena, ikasema vilevile. Nikaigonga kwa nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Winchi ilikuwepo, mkonga usiovujisha hewa ulikuwepo, taa zilikuwepo, na mwalimu wangu alikuwa amelala nyuma akinisikiliza nikigonga.

Tukawasha king'ora, safari hii kuita watu. Kilichukua karibu saa mbili kuwaleta wale waliokuwa wakitafuta kwa miguu. Walifika wanaume kumi na sita wakaanza kusukuma bila kuulizwa. Walisukuma sawasawa, lakini udongo ulikuwa umeloa. Fideli alipoachia klachi matairi yalifunga yakasota, hayakuzunguka. Mara ya pili hivyo hivyo, na mara ya tatu. Kiongozi wao, mzee mmoja mfupi aliyevaa koti la mvua, akafuta mikono kwenye suruali.

"Acheni hilo gali," akasema. "Leteni miti."

Wakakata miti miwili mirefu, wakafunga kamba na mablanketi, ngobyi ikawa tayari kabla sijamaliza kukusanya spana zangu. Ninyi mmekulia wakati wa bodaboda, pengine hamkuiona. Ni machela ya mabegani, na mgonjwa akishanyanyuliwa hakuna anayeuliza ni wa ukoo gani au wa dini gani. Bega likichoka linaingia jingine, miguu haisimami. Mimi nilishika mbele. Tulitembea mpaka jua likapinduka. Njiani nilisikia sauti yake juu ya kichwa changu.

"Nestori."

"Naam, mzee."

"Bega lako la kulia liko chini. Springi imekufa."

Wabebaji wakacheka, nami nikacheka, kisha nikalia tena, kwa sababu sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. Barabarani lori la mahindi lilimchukua pamoja na mkewe hadi hospitali. Gari la uokoaji lenyewe liliokolewa siku iliyofuata na maksai wanne wa mkulima mmoja wa Kisukuma. Alifunga mnyororo wa nira kwenye ndoano ya winchi yangu, akalizunguka gari akasoma neno lililoandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu, akawaambia ng'ombe wake kitu kwa Kisukuma. Sikuomba tafsiri.

Mzee Shabani alipona, mguu haukupona. Waliukata chini ya goti. Daktari alitoka akatueleza kwamba ungefika siku moja mapema ungewekwa chuma ukapona. Alikuwa kijana mpole, hakujua anamwambia nani. Siku moja mapema tulikuwa tunapita mbele yake na king'ora.

Nilipoingia wodini niliinamia kitanda. "Usilie kwenye mashuka ya watu," akaniambia. Nikakaa kwenye kiti. Halafu akasema, "Stata ina speapati, Nestori." Akatazama mahali blanketi lilipokuwa limelala bapa.

Nilifunga stata mpya nilipofika Kasulo. Kazi yenyewe ilichukua dakika arobaini, pamoja na kunawa mikono. Nilipomaliza nilipanda garini, na badala ya kulirudisha mahali pake niligeuza, nikalipaki likitazama juu ya mlima, na mawe nyuma ya matairi. Lisipowaka kwa stata, lisiwake kabisa, na mimi niwe wa kwanza kujua. Mtaa mzima magari yanatazama bondeni, letu peke yake limelipa bonde kisogo. Watu walinitania hadi wakachoka. "Fundi, gari lako limenuna?" Nikawaambia ndiyo.

Baada ya miezi mingi Mzee Shabani alikuja Kasulo kwa magongo. Nilimwona akishuka kwenye gari lililomleta, nikaenda kumpokea, akanikatalia mkono. Alisimama mbele ya gereji akalitazama gari letu na jinsi lilivyokaa, akatazama yale mengine, akarudisha macho kwa letu. Akapanda mwenyewe kwenye kiti cha abiria, ikamchukua muda, nami nikasimama nimefumba ngumi nisimsaidie.

"Washa," akasema.

Likawaka.

"Zima."

Nikazima.

"Washa."

Tulifanya hivyo mara kumi na moja. Mara ya mwisho aliposema zima, hakusema tena washa. Tulikaa. Bondeni kuna mtu alikuwa anapasua kuni, na mama mmoja anaita mbuzi. Akageuzia dirishani sikio lake la kulia, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikaanza kusikia pumzi yangu.

"Huyo mwenye pikipiki ng'ambo kule," akasema hatimaye, "mnyororo wake umelegea. Nipeleke nyumbani."

Sasa nimalize juu ya picha yenu. Juzi nilimpigia simu Mzee Shabani nimweleze habari za gari jipya, maana anapenda kujua. Nilimtajia winchi, nikamtajia mkonga, nikamwambia taa ni kumi na nne, akaguna. Nikamsifia kazi yenu, na ninaisifia kweli. Wachomeleaji wenu wana mkono kuliko niliokuwa nao mimi. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza swali moja tu.

"Linatazama wapi?"

Nikaikuza tena picha. Nyuma ya gari naona mabati ya nyumba za juu mtaani kwetu. Mbele ya zile taa kumi na nne ni bonde lote la Kasulo. Nikamwambia ukweli. Akakata simu.

Najua stata yenu ni mpya. Najua aliyelipaki hivyo hakuwaza chochote, ni mazoea ya miguu ya mtu wa Ngara tu. Ligeuzeni leo, vijana, nimpigie tena.